Mtani Wangu Ni Nani?

Mafungu ya kujifunza: Waamuzi 12:4–6, Mithali 26:18, 19, Luka 10:25–37, Yohana 1:43–51, Yohana 4:5–30, Wagalatia 6:1–5, Ufunuo 7:9, 10.
Fungu la kukariri: Warumi 15:7.

Ni Sabato ya kwanza ya robo mpya, na darasa moja la Shule ya Sabato mjini Tabora limeketi chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Darasa hili ni la kufikirika tu, ila walimu wengi watalitambua. Wapo watu kumi na wawili, na wanne kati yao ni wageni. Mwalimu hataki lesoni ianze watu wakiwa kimya kama abiria wasiojuana kituoni, kwa hiyo anaanza na zoezi la kufahamiana. Anasema, “Kila mmoja ataje jina lake, kabila lake na mtani wake.”

Darasa linachangamka mara moja. Mama mmoja Mnyamwezi anamgeukia kijana Mzaramo aliyehamishiwa Tabora kikazi. “Karibu mtani. Babu zetu waliwabebea mizigo yenu mpaka Ujiji, na ujira wenyewe hamjamaliza kulipa.” Kijana anajibu bila kusita, “Tulilipa kwa nazi, mama, mkazitupa mkidhani ni mawe.” Watu wanacheka mpaka darasa la jirani linageuka kutazama. Mpare na Mchaga nao wanarushiana maneno yao ya kila siku kuhusu nani anaijua zaidi fedha.

Kisha zamu inamfikia mwanamume aliyeketi pembeni. Alizaliwa Ulyankulu, na wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972. Anataja jina lake, kisha ananyamaza. Mtu mmoja nyuma anamsaidia kwa mzaha: “Huyu mtani wake amebaki ng’ambo ya Malagarasi!” Wachache wanacheka. Yule bwana anatabasamu, anafungua Biblia yake na kuinama. Lesoni inaendelea vizuri mpaka mwisho. Sabato inayofuata hayupo.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Aliyesema maneno yale alitaka kumwingiza mgeni katika kicheko kilichokuwa kikiendelea. Hata hivyo, kicheko cha kwanza kilimkaribisha kijana wa pwani, na cha pili kilimsukuma mtu nje. Mizaha yote miwili ilitaja mahali mtu alikotoka, na ilisemwa chini ya mwembe uleule, kwa sauti ileile ya uchangamfu. Basi tofauti yake ilikuwa wapi? Na je, Mkristo ana ruhusa gani ya kuitaja tofauti ya mwenzake?

Majibu mawili mepesi

Jibu jepesi la kwanza ni kwamba mzaha ni mzaha, na asiyeuvumilia ajifunze kuuvumilia. Mwenye hekima hakukubaliana na jibu hilo. Katika Mithali 26:18, 19 anamfananisha mtu anayemdanganya jirani yake kisha akajitetea kwamba alikuwa akitania tu, na mwendawazimu anayetupa mienge ya moto na mishale. Mshale hauulizi nia ya aliyeurusha. Wahenga nao walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtume Paulo, katika Waefeso 5:4, anaweka mizaha isiyofaa pamoja na maneno ya aibu, na badala yake anaelekeza kwenye shukrani.

Jibu jepesi la pili ni kuziacha tofauti kabisa. Katika Kristo, wengine husema, hakuna Mnyamwezi wala Mzaramo, hivyo kabila lisitajwe kanisani. Nia ni njema, na Wagalatia 3:28 ni neno la kweli. Lakini soma Ufunuo 7:9. Yohana anapouona mkutano mkubwa mbele ya kiti cha enzi, bado anatambua kwamba umetoka katika kila taifa, kabila na lugha. Kama tofauti hizo zingekuwa uchafu wa kuoshwa, zisingeonekana pale wakati mavazi yote yamekwisha kuwa meupe. Isitoshe, tofauti isiyotajwa haitoweki. Huendelea kukaa moyoni na kusemwa nyumbani baada ya ibada, mahali ambapo anayesemwa hayupo ili ajibu.

Ujumbe wa Waadventista nchini Tanzania ulianzia Giti, Upare, mwaka 1903, kisha ukasafiri kuvuka makabila na lugha nyingi. Darasa lenye watu waliotoka sehemu mbalimbali ni hali ya kawaida ya kanisa hili, hasa katika mji kama Tabora. Ndiyo maana inafaa kuangalia jinsi watu wa njia hiyo ya zamani walivyojifunza kukaa pamoja, na mahali waliposhindwa.

Njia iliyokutanisha wageni

Tabora ni mtoto wa njia. Katika karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikavuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe, mahali ambapo wasafiri wa wakati huo walipaita Kazeh. Hapo njia iligawanyika: nyingine iliendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilometa 1,200, na watu walizitembea kwa miguu. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30: vitambaa, shanga na nyaya za shaba kwenda bara, pembe za ndovu kwenda pwani.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Inaelezwa kwamba hata jina hilo walipewa na watu wa pwani, kwa sababu walitoka magharibi, upande unakoandama mwezi. Wenyewe walijiita kwa nchi zao, kama vile Wanyanyembe. Kwa namna fulani basi, jina ambalo leo ni fahari ya kabila zima lilikuwa jina la mgeni, lililotolewa na mtu aliyemwona akija kwa mbali.

Mpagazi aliyefika nchi ya watu hakuwa na ukoo pale. Akiugua, nani angemuuguza? Akifa, nani angemzika? Akikosa chakula, angeomba kwa jina la nani? Mojawapo ya majibu yaliyokua katika njia hiyo ni utani. Uhusiano wa utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya pwani na ya katikati ya njia, kama Wazaramo, huhusishwa na safari hizo. Njia za kuupata utani hazikuwa moja. Wahehe na Wangoni walipigana vikali katika karne hiyohiyo, na leo ni watani. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alivutiwa na desturi hiyo kiasi cha kukusanya habari zake kutoka makabila mengi ya Tanganyika na kuzichapisha katika miaka ya 1940.

Ni rahisi kuona sehemu ya utani inayochekesha na kusahau sehemu ya pili. Mtani aliweza kumwita mwenzake mwizi, mlafi au mshamba mbele za watu, naye asikasirike. Lakini mtani huyohuyo alikuwa na kazi. Katika makabila mengi, msiba ulipotokea mtani alifika, akashika jembe la kuchimba kaburi, akahudumia waombolezaji waliokuwa wamezidiwa na majonzi, na kwa vituko vyake akawafanya wale chakula. Mtani aliweza kusema ukweli ambao ndugu waliogopa kuusema, na ugomvi ukaisha. Safarini mtani alipewa maji na mahali pa kulala. Zipo desturi za utani ambazo Mkristo hawezi kuzifuata, hasa maneno machafu na fujo msibani. Hata hivyo, kiini chake kinastahili kutazamwa: ruhusa ya kucheka ilifungwa pamoja na wajibu wa kusaidia, na haki ya kutania iliambatana na utayari wa kutaniwa.

Hapo ndipo penye tofauti ya mizaha miwili ya chini ya mwembe. Kijana Mzaramo alijibu, tena mama alitaka ajibu. Kila mmoja alijua kwamba siku ya shida mwenzake atakuja. Yule bwana wa Ulyankulu hakuwa na jibu la kutoa. Hakuna mtu pale aliyekuwa amejifunga kwake kwa lolote. Alipewa mzigo wa mzaha bila kupewa mtani wa kuubeba naye.

Njia ileile, na watu wasio na mtani

Haitakuwa haki kuisifu njia ya misafara na kuishia hapo. Katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya UNESCO, na jina lililotumika linataja mambo mawili bila kuficha: watumwa na pembe za ndovu. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ni mojawapo ya vituo vyake. Mpagazi huru aliyecheka na mtani wake penye maji aliweza, jioni ileile, kuona kundi la mateka likipita. Wao nao walikuwa wageni kutoka mbali, wenye lugha na desturi tofauti. Lakini hakuna aliyewapa nafasi ya kujibu neno. Tofauti zao zilichunguzwa kwa makini na wanunuzi: umri, nguvu, meno, kabila. Zilichunguzwa ili kupanga bei.

Kwa hiyo kuijua tofauti ya mtu, peke yake, si fadhila. Mfanyabiashara ya watumwa alizijua tofauti za watu kuliko wengi. Wagileadi nao walizijua. Katika Waamuzi 12:4–6 walisimama kwenye vivuko vya Yordani na kumtaka kila mtu atamke neno moja tu, Shibolethi. Ambaye ulimi wake ulishindwa kulitamka sawasawa alitambulikana kuwa Mwefraimu, naye akauawa. Walikufa watu 42,000, na wote waliohusika, wauaji na waliouawa, walikuwa wana wa Israeli. Zoezi la kwanza la “taja unakotoka” linalosimuliwa kwa kirefu katika Biblia lilifanyika kivukoni, na liliua.

Kanda ya Tabora ina kumbukumbu ya karibu zaidi. Maelfu ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipokelewa katika makazi ya Ulyankulu, na wengine Katumba na Mishamo. Walifyeka pori, wakalima, wakazaa watoto. Zaidi ya watu 160,000 kati yao na wazao wao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Kwa sheria jambo limekwisha. Lakini mtu aliyeishi miaka arobaini akisubiri karatasi inayosema kwamba yeye ni wa hapa hulisikia swali “umetoka wapi?” kwa masikio tofauti na mwenyeji. Kwa mmoja ni swali la kufahamiana. Kwa mwingine ni mlio wa kivukoni.

Mwalimu anayepanga zoezi la darasa hana budi kujua jambo hilo. Zoezi lilelile haliwagusi watu wote kwa uzito uleule. Kutaja kabila na mtani ni furaha kwa aliye na vyote viwili. Mjane mgeni, mtoto aliyelelewa na watu baki, mke aliyeolewa kutoka mbali, au mtu aliyehama kwa hofu, anaweza kulazimika kuchagua kati ya kusema uongo na kufunua kidonda mbele ya watu asiowajua.

Kristo mbele ya mzaha

Bwana mwenyewe alitaniwa kuhusu kijiji chake. Katika Yohana 1:46 Nathanaeli anaposikia habari za Nazareti, anauliza kama kuna chema kinachoweza kutoka huko. Yohana 21:2 inatuambia kwamba Nathanaeli alikuwa mtu wa Kana ya Galilaya, yaani wa kijiji cha jirani tu. Maneno yake yana ladha ambayo Mtanzania anaijua vizuri, ya mtu wa kijiji hiki akikidharau kijiji cha pili.

Yesu hakuficha kwamba ametoka Nazareti, wala hakuisema vibaya Kana ili kulipiza. Alipomwona Nathanaeli akija, alitaja jambo jema lililo ndani yake: mtu asiye na hila. Kisha alionyesha kwamba alikuwa amemwona kabla, chini ya mtini. Mtu aliyekuja na dharau alikuta kwamba amekwisha kufahamika na kuheshimiwa. Wala Filipo hakubishana. Alimwalika aje aone. Dharau ya kijiji iliponywa kwa kukutana.

Kwenye kisima cha Sikari, katika Yohana 4, tofauti inatajwa waziwazi. Mwanamke Msamaria ndiye anayeitaja: inakuwaje Myahudi aombe maji kwa Msamaria? Angalia ni nani aliyeanza mazungumzo, na alianza na nini. Yesu alianza na kiu yake mwenyewe. Hakuanza kwa kumuuliza mwanamke habari za kabila lake, wala za waume zake. Alijiweka katika hali ya mhitaji, akampa yule mama nafasi ya kuwa mwenye kutoa. Kiu ndiyo iliyokuwa kufanana kwao. Baada ya hapo tofauti ziliweza kusemwa zote, hata ile ngumu ya mahali pa kuabudia, na mazungumzo hayakuvunjika.

Ellen White, katika kitabu chake juu ya huduma ya uponyaji kilichotoka mwaka 1905, anaeleza njia hiyo ya Kristo kwa mpangilio ambao Waadventista wengi wanaukumbuka. Mwokozi alichangamana na watu akiwatakia mema, akawahurumia, akawahudumia katika mahitaji yao, akapata imani yao, ndipo akawaita wamfuate. Kuchangamana kulikuja kwanza, lakini hakukuishia hapo. Darasa linalochangamana dakika tano kila Sabato na kutohudumiana siku sita zinazofuata limesimama kwenye hatua ya kwanza.

Wabeba mizigo

Katika Wagalatia 6 Paulo anasema mambo mawili yanayoonekana kupingana. Fungu la 2 linawataka waamini wachukuliane mizigo, na fungu la 5 linasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Mpagazi wa Unyanyembe asingeona ugumu hapo. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake, uliopimwa na kufungwa kwa jina lake, na hakuna aliyeweza kuukwepa. Lakini mwenzake alipoanguka kwa homa katikati ya Mgunda Mkali, mzigo wake uligawanywa, naye akasaidiwa kufika penye maji.

Mfano mmoja wa namna hiyo ulipita Tabora. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake waliamua kuubeba mwili wake hadi pwani. Kati yao alikuwamo Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861, na Susi, aliyetoka Shupanga kando ya mto Zambezi, na Jacob Wainwright, Myao mwingine aliyewahi kusomeshwa India. Walikuwapo wengine wengi ambao majina yao hayatajwi sana. Hawakuwa wa kabila moja wala wa dini moja. Walipofika Unyanyembe walikutana na Mwingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike mwili huo hapohapo. Walikataa. Waliendelea kutembea, na mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Ulimwengu ulimkumbuka zaidi aliyebebwa. Kwa somo hili, inafaa kuwatazama waliobeba. Hakuna damu iliyowafungamanisha na marehemu, wala wao kwa wao. Walikuwa wamejuana njiani kwa miaka, wamegombana na kupatana, na wakaona kwamba kumpeleka mwenzao kwao ni wajibu wao. Walifanya kwa mgeni kile ambacho desturi ilimtaka mtani afanye: walishughulikia maziko yake.

Sasa soma tena Luka 10:25–37. Mwanasheria aliuliza jirani yake ni nani, akitaka mpaka uchorwe. Yesu alimwonyesha barabara, na mtu aliyeanguka, na mgeni aliyefunga majeraha, akampandisha mnyama wake, akalipa dinari mbili na kuahidi kurudi. Katika simulizi hilo Msamaria hasemi neno hata moja kuhusu kabila la mtu yule. Swali likageuzwa: ni nani aliyejifanya kuwa jirani? Vivyo hivyo, utani ambao Mkristo anaweza kuukubali hautegemei orodha ya makabila iliyorithiwa. Asiye na mtani katika orodha hiyo atapata mtani pale mtu mmoja atakapojifunga kwake.

Darasani

Mazoezi ya kufahamiana yana nafasi yake katika Shule ya Sabato, na mwalimu asiyaogope. Ila kabla ya kuchagua zoezi, ajiulize mambo matatu. Je, kila aliyepo anaweza kujibu bila aibu? Je, anayetajwa ana nafasi ya kurudisha neno? Je, baada ya kicheko kutakuwa na jambo la kutenda?

Zoezi la njia linafaa sana mahali kama Tabora. Watu wawili wawili wanasimuliana safari ya maisha yao kwa vituo vitatu tu, kila mmoja akichagua vituo anavyopenda kuvitaja, na katika kila kituo anamtaja mtu aliyempa maji, kwa maana halisi au kwa mfano. Kisha wanatafuta jambo moja wanalofanana na moja wanalotofautiana. Mwishoni kila mmoja anamtambulisha mwenzake kwa darasa, akisema tu yale aliyoruhusiwa kusema. Aliyezaliwa Ulyankulu, aliyetoka Upare na aliyetoka pwani wote wana vituo, na wote wana mtu aliyewapa maji.

Zoezi la mzigo linaenda mbali zaidi. Kila mmoja anataja mzigo mmoja wa wiki inayokuja, mdogo au mkubwa: mtihani wa mtoto, deni la mbolea ya tumbaku, mgonjwa aliyelazwa. Anayeketi kulia kwake anaurudia kwa sauti kuonyesha kwamba ameusikia, anasema atafanya nini kabla ya Sabato ijayo, na Sabato hiyo anaulizwa. Asiyetaka kusema aombewe tu, bila kuhojiwa. Zoezi hili halichekeshi sana wiki ya kwanza. Baada ya wiki kadhaa darasa huanza kucheka lenyewe, kwa sababu watu waliobebeana mizigo huwa na mambo mengi ya kutaniana.

Na likitokea kosa, kama lile la chini ya mwembe, lisiachwe lipoe. Mwalimu na yule mama Mnyamwezi wanaweza kutoka siku ya Jumapili kwenda nyumbani kwa yule bwana. Wasimweleze kwamba ulikuwa mzaha tu. Mama aseme, “Baba, mimi nilicheka, na sikupaswa. Nimekuja kuomba radhi.” Mwalimu aseme kwamba swali lilikuwa lake, na lilikuwa baya. Kisha, kama Bwana kisimani, waombe maji ya kunywa, maana safari ni ndefu na jua ni kali.

Labda atawaletea maji kimya, na itabidi warudi tena siku nyingine. Au labda atawatazama wanavyohema, acheke kidogo, aseme, “Nilisikia Wanyamwezi walibeba frasila mbili mpaka Ujiji. Ninyi mmebeba Biblia tu, mmechoka?” Akisema hivyo, mama asimjibu haraka. Amshukuru Mungu kwanza, kwa kuwa neno hilo limetoka kwa mtu anayejua sasa kwamba anaweza kujibu. Sabato ijayo wamkute ameketi chini ya mwembe, nao wajue mzigo wake.

Maswali ya kujadiliana

1. Linganisha maswali yanayoulizwa katika Waamuzi 12:5, 6 na Yohana 4:7. Yote mawili yanamfanya mtu aonekane anakotoka. Ni nini kinachoyatofautisha?

2. Soma Mithali 26:18, 19 pamoja na Waefeso 5:4. Darasa lako litatambuaje kwamba mzaha umevuka mpaka, hasa wakati aliyeumia anatabasamu?

3. Je, kutotaja kabila kanisani kunaleta umoja, au kunahamisha tu mahali pa kusemea? Ufunuo 7:9 inasaidiaje katika kujibu?

4. Ni nani katika eneo lenu asiye na “mtani,” yaani asiye na mtu aliyejifunga kumsaidia siku ya msiba? Taja jambo moja ambalo darasa litamtendea kabla ya Sabato ijayo.

5. Wagalatia 6:2 na 6:5 zinatendekaje pamoja katika familia yako wiki hii? Ni mzigo upi ni furushi lako, na ni upi unahitaji kuuomba msaada?